Majini na Majini Si Kitu Kimoja

Wacha niseme wazi, na wa kukasirika akasirike. Video za "majini ya Mombasa" zimenichosha. Kila wiki kuna mtu wa bara ameshuka na SGR, amekaa Nyali siku mbili, amerudi na stori ya mrembo mwenye kwato. Na kwenye maoni lazima atokee mjuaji: "Si hata jina linasema? Majini, yaani wanaishi kwa maji!"

Hapana bana. Majini ya bahari ni maji ukiongeza -ni, kama nyumbani na shambani. Jini ni neno lingine kabisa, limetoka Kiarabu, na mzizi wake unamaanisha kufunika, kuficha. Jini ni kile kisichoonekana, basi. Kwa mzizi huohuo Waarabu wana janin, mtoto aliye tumboni. Janna, bustani iliyofunikwa na miti, ndiyo Pepo. Na majnun, aliyefunikwa akili, ambaye kwetu akawa majununi. Sisi tukaweka ma- ya wingi kwa jini, maneno mawili yakagongana. Sadfa tu.

Na yule wa buluu wa kwenye taa, wa sinema ya 1992? Jina lake la Kizungu lilienezwa na Mfaransa, Antoine Galland, aliyeanza kuchapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela 1704. Alichukua génie, neno lenye asili ya Kilatini la roho mlinzi wa mtu, lililofanana na jini kwa sauti. Sadfa nyingine hiyo.

Mbona nakasirika? Kwa sababu mtu akizama Pwani, utasikia ati jini kamchukua. Kesi imefungwa. Hakuna anayeuliza mkondo ulikuwa na nguvu kiasi gani, ama mbona hapo ufuoni hapakuwa na mwokoaji siku ya sikukuu. Jini hafutwi kazi, haitwi mbele ya bunge la kaunti. Anawafaa sana wenye ofisi.

Sisemi majini hayapo. Qur'ani ina sura nzima, ya 72, na imani ya mtu siiingilii. Lakini hata hiyo sura haijasema wanakaa Nyali wakingoja watalii.

Kwa hivyo mnaoniuliza kila siku kama nitafanya video ya jini wa Likoni: hapana. Kamera nitakuja nayo, lakini nitakuwa nahesabu maboya.