Baba na santuri zake: ni mapenzi au ni ugonjwa?

Swali hili limefika kwenye safu hii zaidi ya mara moja, kwa maneno tofauti. Mume ananunua santuri za zamani kila mshahara unapotoka. Maboksi yalianzia sebuleni, sasa yako chumba cha watoto. Akiulizwa, anajibu kwamba zimebaki tatu tu akamilishe lebo anayoipenda. Zikipatikana hizo tatu, zinazuka nyingine tano. Mke anataka kujua: huyu ni mpenzi wa muziki tu, au kuna tatizo?

Jibu fupi ni kwamba kukusanya vitu si ugonjwa. Jibu refu linataka kwanza tujue kinachomvuta mkusanyaji. Usipokijua, utagombana naye kuhusu santuri kumbe yeye anafukuza kitu kingine.

Namba ndiyo ndoano

Lebo ni kampuni inayorekodi na kutoa muziki. Wengi wetu tunamfuata mwimbaji, lakini mkusanyaji sugu anaifuata lebo. Atanunua hata kazi ya mwanamuziki asiyemjua, mradi nembo anayoipenda iko katikati ya santuri. Vijana wetu hawako mbali na hali hii. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 na kusimama na Konde Gang, mashabiki walivutana kama watu wa Simba na Yanga. Tofauti ni kwamba wao wanasikiliza kwenye simu, hawajazi kabati.

Mfano mzuri ni Blue Note, lebo ya muziki wa jazz iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani, pamoja na Max Margulis. Kila santuri ilipewa namba, na mwaka 1955 ulianza mfululizo wa namba 1501 na kuendelea. Mtu mwenye 1577 na 1579 anakosa usingizi kwa sababu ya 1578, hata kama muziki wenyewe hajawahi kuusikia.

Wala hatosheki na nakala yoyote. Anasoma anwani ya kampuni iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati, kwa sababu kampuni ilihamahama na anwani inaonyesha umri wa santuri. Anatafuta alama ndogo kama sikio karibu na karatasi hiyo, iliyowekwa na kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikizichapa. Lebo ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty katika miaka ya 1960, alama hiyo ilitoweka. Kwa hiyo usishangae kuona santuri mbili za nyimbo zile zile kwenye kabati moja. Kwako ni moja, kwake ni mbili.

Factory Records ya Manchester, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikwenda mbali zaidi. Haikuzipa namba santuri peke yake. Klabu yao ya Haçienda ilikuwa FAC 51, na paka aliyeishi humo alikuwa FAC 191. Mmoja wa waanzilishi, Tony Wilson, alipofariki mwaka 2007, jeneza lake lilipewa FAC 501. Nani atanunua paka na jeneza ili akamilishe orodha? Hapo ndipo mtego ulipo: orodha inaahidi mwisho ambao haufiki.

Kwetu nako msako upo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na HMV. Baadaye Mombasa ilikuwa na lebo ya Mzuri, na kazi nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi. Nyingi ya santuri hizo zilivunjika, zililiwa na unyevu au zilitupwa wakati wa kuhama nyumba. Anayezitafuta leo na kuzitunza vizuri anahifadhi historia ya wengi. Tusimdharau.

Ubongo unapenda msako

Katika miaka ya 1990, mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walipima ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa maji matamu. Mwanzoni seli zinazotoa dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta, zilishtuka maji yalipofika. Nyani walipozoea, seli zilishtuka mapema zaidi, pale tu ishara ya kuja kwa maji ilipoonekana. Maji yenyewe hayakuwa habari tena.

Ndivyo inavyokuwa kwa anayefukua rundo la santuri kuukuu. Raha kubwa iko kwenye huenda-ipo-huenda-haipo. Ikishafika nyumbani inachezwa mara moja, pengine haichezwi kabisa, na macho yameshahamia kwenye inayofuata. Zamani msako ulikuwa na saa za kufunga duka. Siku hizi mnada uko kwenye simu, usiku wa manane, na malipo ni kubonyeza tu. Kwa hiyo unapohesabu gharama, usihesabu fedha peke yake. Hesabu na usingizi.

Lini liwe suala la hospitali?

Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliutambua ugonjwa wa kulimbikiza vitu kama ugonjwa unaojitegemea. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 nayo inautaja. Idadi ya vitu sio kigezo. Mtu anaweza kuwa na santuri elfu kumi akawa mzima wa afya.

Dalili za kuangalia ni hizi:

• Anashindwa kuachana na vitu, hata visivyo na thamani, na kuviondoa kunampa uchungu mkubwa.

• Vitu vimejaa kiasi kwamba chumba hakifanyi tena kazi yake: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki, mlango haufunguki wote.

• Hali hiyo inamuumiza yeye au inaharibu kazi, ndoa na usalama wa nyumba.

Mkusanyaji wa kawaida hupanga. Anajua alichonacho, anajua anachotafuta, na mara nyingi anauza au kubadilishana. Mgonjwa hulundika. Lakini kati ya hao wawili kuna mtu wa tatu, na ndiye anayepatikana kwenye nyumba nyingi: amepanga vizuri sana, ila ada ya mtoto imechelewa. Huyo hahitaji dawa. Anahitaji makubaliano.

Nyumba inalipa nini?

Santuri kubwa 100 zikiwa kwenye majalada yake hukaribia kilo 25. Rafu ndefu iliyojaa ni uzito wa mtu mzima, na mtoto anayejifunza kupanda anaiona kama ngazi. Ifungwe ukutani kwa skrubu, na santuri zikae rafu za chini. Majalada ni karatasi, na kwenye nyumba yenye unyevu karatasi huota ukungu. Mtoto mwenye pumu hatakiwi kulala chumba kimoja na maboksi hayo, hata kama santuri zilizomo ni za thamani.

La kufanya

Kwanza, usitupe wala kuuza kwa siri. Wataalamu wanaotibu walimbikizaji wanaonya kwamba kuondoa vitu kwa nguvu huvunja uaminifu, na mara nyingi nyumba hujaa upya. Kwa mkusanyaji ambaye si mgonjwa, ni kumchokoza tu.

Pili, mpeni msako mipaka inayoonekana. Kabati likijaa, ya kuingia inatoa nyingine. Fedha zitengwe kiasi kinachojulikana kwa wote wawili, baada ya ada, chakula na bima ya afya, na mwenye kukusanya asiulizwe kila shilingi ndani ya kiasi hicho. Simu za mnada zikae nje ya chumba cha kulala.

Tatu, mwombe aandike orodha: ana nini, alinunua kiasi gani, zipi zina thamani, nani wa kuulizwa siku akiwa hayupo. Anayejua kila namba ya lebo hatashindwa kuandika daftari. Familia nyingi hubaki na maboksi wasiyoyaelewa, na kilichogharimu mamilioni huuzwa kwa bei ya takataka. Orodha hiyo pia humfanya mwenyewe aone jumla, jambo ambalo wengi hulikwepa.

Nne, dalili zile tatu zikiwepo, nendeni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Tiba ya mazungumzo inasaidia, na si aibu.

Na watoto je?

Mtoto anayenunua albamu ileile ya kikundi cha Korea mara tatu anafanya kama baba yake. Ndani ya kila albamu kuna kadi ya picha isiyojulikana mpaka ufungue, na kampuni inajua ubongo unapenda kubahatisha. Badala ya kumgombeza, mweleze mchezo huo unavyofanya kazi, kisha mpangie kiasi.

Kwa baba, jaribuni jambo moja jepesi wiki hii. Jumapili mchana achague santuri tano, watoto wachague moja kati ya hizo, wote wakae waisikilize mpaka mwisho huku akiwaeleza ilikotoka. Akifurahia, mna mpenzi wa muziki nyumbani. Akishindwa kukaa dakika 20 bila kuchungulia mnada kwenye simu, hapo mazungumzo yenu yana pa kuanzia.