MPAGAZI SI MZURURAJI



Kila mara wakubwa fulani wa Dar es Salaam hugundua kwamba mji wao umechafuka. Asubuhi na mapema wanawaona watu wamelala kwenye baraza za maduka ya Kariakoo, wengine wamejifunika maboksi karibu na stendi, wengine wamejikunja juu ya mikokoteni yao wenyewe. Basi huanza kelele: hao ni wazururaji, ni wahuni, ni wavivu waliokimbia jembe, wakamatwe, wapakiwe, warudishwe kwao.

Huko kwao ni wapi? Ni kwetu. Ni Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Ni Kigoma, Singida na Dodoma, mikoa iliyopangana juu ya njia moja ya kwenda pwani. Sisi tunaofanya kazi ya chama katika matawi ya Tabora tunawajua vijana hao kwa majina ya baba zao. Wazazi wao ni wanachama wenzetu, tunakaa nao mikutanoni, na wakati mwingine hutuuliza kama tumepata habari za mtoto, nasi hatuna la kuwajibu.

Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kunyamaza. Twasema, na tutarudia kila penye mkutano: mtu anayebeba mizigo ya mji mchana kutwa na kukosa pa kulala usiku si mzururaji. Ni mpagazi. Na mji unaolitumia bega lake kisha ukamnyima mkeka ndio wenye deni, si yeye.

NJIA NI ILE ILE

Wapo wanaodhani kwamba kwenda pwani ni ugonjwa mpya ulioletwa na simu na sinema. Sivyo. Katika karne ya 19 njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, ilikanyagwa na babu zetu mwaka hadi mwaka. Pembe za ndovu zilizokwenda pwani, na nguo na shanga zilizoletwa bara, zilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani siku zaidi ya 130. Vitabu vimewaandika wao kuwa wavumbuzi. Wengi wa waliowachukulia mizigo hawakuandikwa hata majina.

Lakini zamani zile safari ilikuwa na faida kwa msafiri. Kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Alirudi na nguo, alirudi na kitu cha kuolea, na msimu wa mvua ulipofika alishika jembe shambani kwake. Alikwenda kwa kutaka na alirudi kwa kutaka. Leo kijana huenda kwa sababu amekosa la kufanya, na harudi kwa sababu hana cha kurudi nacho, na aibu humfunga miguu. Barabara ni ile ile. Heshima yake ndiyo iliyoporwa.

Na tangu zamani mzigo umepata malazi kabla ya mchukuzi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliuchukua mwili wake kwa miguu, wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo. Mwaka 1874 ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, mahali pa wafalme. Na wale wachukuzi? Wengi wao walilipwa ujira wao, wakatawanyika.

Ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Mwingereza na Mjerumani wote wawili waliwakamata watu wa bara kuwachukulia risasi na chakula, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Mwingereza alipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chake cha wapagazi, Carrier Corps, kiliwekwa kambi penye uwanja ambao wananchi wameuita Kariakoo hadi leo. Fikirini, ndugu! Soko kubwa la nchi hii linaitwa kwa jina la kambi ya wapagazi. Na mpagazi wa leo akilala mbele ya duka huko anaamshwa kwa rungu, mahali penye jina lake mwenyewe.

NANI ALIYEUHAMISHA MJI?

Husemwa kwamba Dar es Salaam inavuta watu kama taa inavyovuta wadudu, ati ndiyo tabia ya miji mikubwa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mvuto wa mji hutengenezwa na mikono ya watu.

Siku za misafara mji mkubwa wa bara ulikuwa Tabora. Watu walikuja kwetu: wafanyabiashara wa pwani na wa Oman, watu wa Ujiji, watu wa Manyema. Dar es Salaam, kabla Seyyid Majid hajaanza kuijenga katika miaka ya 1860, ilikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi. Hakuna kijana wa Unyanyembe aliyeiota usiku.

Mjerumani ndiye aliyeigeuza mizani. Mwaka 1891 aliifanya Dar es Salaam makao yake makuu. Mwaka 1893 aliivunja ngome ya Mtemi Isike, ambaye alichagua kufa kuliko kukamatwa. Mwaka 1905 akaanza kutandika reli kutoka bandarini. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ile haikujengwa ili kuleta kitu Tabora. Ilijengwa ili kuitoa mali Tabora. Na mali ikiondoka, mtu huifuata.

Utaratibu huo ulivunjwa lini? Tazameni tumbaku. Mkulima wa Urambo na Kaliua hupanda, hupalilia, huchuma na kukausha. Kisha jani likapakiwa kwenda kusindikwa Morogoro, na sigara zikatengenezwa Dar es Salaam. Kila kituo ambacho jani lilishushwa palipatikana mishahara, umeme, maduka na shule. Kwetu palibaki majivu ya mabani. Kiwanda cha nyuzi tulijengewa Tabora, kikasimama, na vijana waliokuwa wasimame mbele ya mashine zake wanasukuma mikokoteni pwani.

Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728 katika mkoa wote. Je, hao wote walifuata taa? Walifuata mali yao. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuonya kwamba mji nao unaweza kumnyonya mkulima: fedha hukopwa zikajenge mjini, na anayelipa deni ni mkulima kwa jasho lake. Onyo hilo limewekwa kabatini.

RUNGU HALIJENGI NYUMBA

Dawa ya kuwakamata watu si mpya, na tunajua matokeo yake. Mwaka 1944 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini "watu wasiotakiwa". Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 wananchi walitazamia mambo hayo yazikwe. Hayakuzikwa. Misako iliendelea, na mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, ambapo asiyeweza kuonyesha kazi yake alikamatwa na kupelekwa shamba. Mji ulipungua? Tarakimu tumekwisha kuzitaja. Waliosafirishwa walirudi kwa treni zilizofuata, maana walikorudishwa hapakuwa pamebadilika kitu.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Umaskini si kosa la jinai. Nchi iliyowakaribisha majaji hao nyumbani kwake haiwezi kujifanya haikuwasikia.

Wako wenzetu, hata ndani ya chama, watakaosema: "Lakini vijana hao ni wavivu, mashamba yapo." Tunawajibu: nendeni Kariakoo saa kumi alfajiri, mkaone nani anashusha magunia kutoka kwenye malori. Mvivu habebi gunia la mahindi. Na mashamba yapo, ndiyo. Lakini nendeni pia kwenye chama cha msingi siku ya malipo, mkamwone mkulima akikatwa deni la mbolea na dawa, kisha mwambieni mwanawe abaki.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mji huu umemzidi mwenyeji yeyote kwa ukali: mgeni hupewa mzigo siku ile ile ya kwanza, na mkeka hapewi hata mwaka wa tatu.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, uzururaji ufutwe kabisa katika sheria za adhabu. Aliyeiba ashitakiwe kwa wizi, aliyepiga ashitakiwe kwa kupiga. Aliyelala tu asishitakiwe kwa kulala.

Pili, yajengwe mabweni ya bei nafuu karibu na masoko, stendi na stesheni, mtu alipie kitanda kwa usiku kama anavyolipwa ujira kwa siku. Matajiri wa maghala na malori wanaolitumia bega la mpagazi wachangie. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, na likumbushwe.

Tatu, mpangaji apewe sheria ya kumlinda. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo. Kuli ataipata wapi fedha ya mwaka mzima? Kodi na ilipwe mwezi kwa mwezi.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kazi irudishwe mahali mali inapotoka. Tumbaku isindikwe kwetu, asali ya misitu yetu ifungwe kwetu, nyuzi zisokotwe kwetu. Tusidanganywe kwamba haiwezekani. Maji ya Ziwa Viktoria yamefikishwa Tabora, jambo ambalo zamani lilihesabiwa kuwa ndoto. Na treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, imekwisha kutiwa saini mikataba ya kuifikisha Tabora na Kigoma. Swali letu ni moja: itakuja kuleta, au itakuja kuchukua kama ile ya 1912, ila kwa mwendo wa kasi zaidi? Jibu litatokana na viwanda vitakavyojengwa kando yake, na viwanda hivyo tuanze kuvidai leo, kabla ya mataluma kutandikwa.

Nanyi wanachama, kazi si ya serikali peke yake. Kila tawi la Tabora liandike vijana wanaoondoka: nani, lini, amefikia wapi. Kila tawi la Dar es Salaam lenye watu wa kwetu lipokee majina hayo, liwatafute, liwape mahali pa kuanzia. Mtoto mdogo anayeshuka kwenye treni peke yake apokewe na mtu mzima wa chama kabla hajapokewa na baraza. Tawi linalosubiri uchaguzi ndipo liwakumbuke vijana hao si tawi, ni kibanda.

Hapa Tabora, mwezi wa Januari 1958, wajumbe wa TANU walikaa wakabishana, wakachagua njia ngumu ya kushiriki kura tatu, na njia hiyo ikaifikisha nchi kwenye Uhuru. Mji huu umezoea kuchagua njia kwa akili. Nasi tuichague: vijana wetu waende pwani wakipenda, warudi wakipenda, na popote walipo wawe na paa.

UHURU NA KAZI. NA PA KULALA.