Lori hupimwa Mubende, muuguzi hapimwi popote

Miezi michache iliyopita nilikuwa Kikuubo na mfanyabiashara wa Beni, mtu ninayemfahamu tangu nilipoanza kuandika habari za mpaka wa Mpondwe. Alikuwa amemaliza kununua: sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia, katoni kadhaa za viberiti. Mnaonunua hapa mnajua kinachofuata. Mtu mmoja hajazi lori, kwa hiyo mnatafutana wanane au kumi, mnachangia gari, kila mmoja na risiti yake mfukoni, na wachukuzi wanapanda na kushuka mpaka usiku unakuwa mkubwa. Mzigo ukiwa haujafika nusu, mwenzangu akaanza kutetemeka. Homa ilikuwa kali kiasi kwamba hakuweza kuhesabu pesa zake mwenyewe.

Tulimpandisha kwenye kliniki ndogo ya ghorofani, si mbali na hapo. Sitaitaja, maana za namna hiyo ni nyingi. Ilikuwa saa sita usiku na muuguzi alikuwa mmoja. Alimpima malaria, akaikuta, akatayarisha dripu. Alimchoma mkono mara tatu kabla ya kupata mshipa. Kisha akachukua kichupa cha dawa, akakivunja shingo, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akasimama. Akasoma lebo tena. Akatupa vyote kwenye ndoo bila neno na kuchukua kichupa kingine.

“Samahani, ssebo,” aliniambia, ingawa mgonjwa hakuwa mimi. “Nimeamka saa kumi na moja alfajiri.”

Alikuwa macho kwa saa 19. Dripu ilipokuwa ikidondoka tulizungumza. Asubuhi hufanya kazi katika hospitali ya umma, saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki. Usiku wa siku tatu huja hapa, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, halafu anaoga na kurudi kule. Nilifanya hesabu kwenye karatasi ya risiti ya rafiki yangu: saa 45 za hospitali na saa 36 za kliniki, jumla 81. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki. Kwa makubaliano zinaweza kuongezwa, lakini zisipite 10 kwa siku wala 56 kwa wiki, na kwa wanaofanya kazi kwa zamu wastani hupigwa kwa wiki tatu. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kawaida.

Nilimuuliza kama amewahi kulipwa hizo saa za ziada. Alicheka. Zipo wapi? Daftari la hospitali linaonyesha 45, la kliniki linaonyesha 36. Kwa vitendo kila mwajiri huhesabu saa zake tu, na kila mmoja akikaguliwa leo daftari lake litaonekana halina doa. Mwili ndio mmoja.

Hapo ndipo nilipokumbuka lori letu kule chini. Kila mwenye mzigo ana risiti halali na hakuna aliyezidisha chochote: huyu katoni 200, yule magunia 40. Lakini lori likifika mizani ya Mubende hakuna anayeuliza risiti za watu kumi. Linapandishwa juu ya mizani na kusomwa zima, ekseli kwa ekseli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, na kikomo chake cha juu kabisa ni tani 56 kwa gari la ekseli saba. Tulibishana miaka mingi kuhusu sheria hiyo. Wasafirishaji walilalamika, na bado wanalalamika. Lakini Mombasa, Kigali na Bujumbura sasa wanazungumza lugha moja ya tani, kwa sababu tulikubali kwamba barabara inayoharibiwa upande mmoja wa mpaka inatuumiza sote.

Madereva nao wana kikomo. Kenya, kwa mfano, sheria ya usalama barabarani hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Sisemi inafuatwa na wote, najua mnachokiona Malaba. Lakini imeandikwa, na tajiri anayemlazimisha dereva kupita hapo anajua anavunja nini.

Uchovu wa muuguzi una hatari gani? Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha 0.05 kwenye damu. Katika nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho dereva huanza kuwa na makosa. Mwaka 2004 utafiti wa Marekani uliowafuatilia wauguzi 393 ulikuta kwamba zamu ikifika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kukosea huwa mara tatu. Kampala polisi wana kawunyemu, kile kifaa cha kupuliza wanachowawekea madereva usiku. Hakuna kawunyemu ya usingizi, na sidhani kama tunaihitaji. Tunahitaji mtu wa kujumlisha 45 na 36.

Mtasema hili ni jambo la Waganda na hospitali zao. Hapana. Angalieni nani anayelala kwenye vitanda vya kliniki hizi usiku. Mwenyeji akilazwa ana dada au shangazi pembeni, mwenye chupa ya chai, anayeona dripu imeisha na kwenda kumwamsha musawo. Sisi katika hospitali zetu tumewaachia ndugu nusu ya kazi ya uuguzi, na hatulisemi. Mfanyabiashara wa Juba, Goma au Kigoma hana shangazi Kampala. Ana simu iliyoishiwa chaji na mzigo unaopakiwa bila yeye. Pengine hata Kiganda hajui, na maumivu yake anayaeleza kwa Kiswahili cha Kivu kwa mtu aliyeamka alfajiri. Kosa likitokea, hakuna wa kuliona. Na asubuhi atapanda basi la mpakani bila karatasi inayosema alipewa dawa gani na kiasi gani.

Kuna jingine linalotuhusu moja kwa moja. Katika mlipuko wa Ebola wa Mubende mwaka 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao walikufa. Januari 2025 ugonjwa uliporudi, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, naye alifariki. Sisemi uchovu ndio uliowaua, hilo silijui na sitalibuni. Nasema hawa ndio ukuta wetu wa kwanza, na ukuta huo ukianguka ni nyinyi mnaopimwa joto Mpondwe na Mutukula huku nyanya zinaoza.

Kwa nini basi muuguzi asikatae? Mnakumbuka Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka kwa sababu ya EFRIS. Vyuma vilishushwa na serikali ikakaa kuzungumza. Wauguzi wa Uganda nao waligoma Mei 2022, na wa Kenya walikaa nje karibu miezi mitano mwaka 2017. Lakini duka likifungwa sabuni haifi. Muuguzi akiondoka wodini wapo wasioweza kusubiri, na serikali zetu zinalijua hilo vizuri kuliko zinavyokiri.

Tena huyu wa kliniki hakutaka kupumzishwa. Nilipomwambia kwamba kikomo cha saa kingemsaidia, alinitazama kama mtoto wake asiyeelewa.

“Ukinikatia usiku wangu, karo ya watoto utalipa wewe?”

Sikuwa na jibu, na makala hii isingekuwa ya kweli kama ningelificha. Mshahara wa kwanza unamaliza kodi ya nyumba na nauli. Kikomo bila nyongeza ya mshahara ni adhabu kwa mtu anayejituma. Lakini pia haiwezekani hoja ikaishia hapo, kwa sababu eneo letu lina jambo la ajabu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8, na Afrika iko kwenye upungufu huo. Wakati huohuo Kampala na Nairobi kuna wauguzi waliosoma, wenye vyeti, wanaokaa nyumbani kwa sababu nafasi ya kuwaajiri haipo kwenye bajeti. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wauguzi. Yaani tuna anayefanya kazi ya watu wawili, na wa pili tunamtafutia pasipoti. Ile asilimia 15 ya bajeti kwa afya, iliyoahidiwa Abuja mwaka 2001, ndiyo ingemwajiri huyo wa pili.

Kuhusu saa zenyewe, dawa ipo na si ya gharama. Muuguzi wa Uganda hawezi kufanya kazi bila leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, na kila leseni ina namba. Saa ziandikwe kwa namba hiyo, si kwa jina la mwajiri, hospitali na kliniki zote mbili zikiona jumla. Ndiyo mizani. Kenya na Tanzania ziliridhia zamani Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wauguzi, na pendekezo linaloambatana nao linataka siku ya kazi isipite saa 12, pamoja na za ziada. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wanaweza kuanzia hapo, kama wenzao wa uchukuzi walivyoanzia kwenye ekseli.

Nanyi wa Kikuubo msingoje Arusha. Vyama vyenu vina wanachama wenye majengo yaliyokodishwa na kliniki hizi, na wengine mna mikataba nazo ya kuwatibu wafanyakazi wenu. Dai moja dogo: ratiba ya zamu ibandikwe mlangoni, na baada ya saa nne usiku wawepo wauguzi wawili. Mkiambiwa bei itapanda, ulizeni itapanda kwa shilingi ngapi, mlinganishe na thamani ya mzigo mnaouacha chini mkipanda ngazi hizo.

Rafiki yangu alipona. Lori liliondoka bila yeye na kule Mubende lilikutwa limezidi kwenye ekseli ya nyuma, vijana wakahamisha sabuni mbele kwa saa mbili. Alilalamika kuhusu hilo mpaka Kasindi.