Merlin ana kesi ya kujibu

Mchawi akiwa mtu mwema, mtazamaji humsamehe kila kitu. Ndivyo alivyosamehewa Merlin katika tamthilia ya BBC yenye jina lake, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2012. Kijana huyo, aliyeigizwa na Colin Morgan, anamlinda mwanamfalme Arthur kwa nguvu alizozaliwa nazo huku akijifanya mtumishi mzembe wa kasri.

Sababu ya kujificha ipo. Camelot ni ya mfalme Uther, na kwake adhabu ya uchawi ni kifo. Siku Merlin anapofika mjini, anakuta mtu akikatwa kichwa uwanjani. Uther huyo huyo ndiye aliyemwendea mchawi alipokosa mtoto. Arthur akazaliwa, malkia akafa, kwani uhai ulidai uhai, na baada ya hapo mfalme akawageukia wachawi wote kwa upanga. Kwa unafiki wa namna hiyo, nani atakayemlaumu Merlin kwa kuvunja sheria?

Kwa sheria, hakuna. Shida ni Morgana.

Binti huyo aliyelelewa na Uther anaota mambo kabla hayajatokea, na anaogopa anachogeuka kuwa. Merlin anamwelekeza kwa Wadruidi, jamii yenye uchawi, lakini habari ambayo ingemtuliza, kwamba naye yuko hivyo hivyo, haimtoki kinywani. Msimu wa pili ukielekea ukingoni, Camelot nzima inalala usingizi wa kichawi, na chanzo chake ni Morgana, bila mwenyewe kujua. Ili kuuvunja, Merlin anamtilia sumu kwenye maji ya kunywa, kisha anamshika huku akipaparika. Uchawi haupo hapo hata chembe! Ni sumu ya mmea tu, na mkono wa rafiki. Morgana ananusurika, na anaporudi ni adui.

Msimu wa tano Arthur, sasa mfalme, anamuuliza Merlin waziwazi: je, auruhusu uchawi ili askari wake Mordred, aliyejeruhiwa, apone? Ni swali ambalo Merlin amelingojea miaka yote. Kwa kuwa imetabiriwa kwamba Mordred atamuua Arthur, anajibu kuwa uchawi hauna nafasi Camelot. Mordred anapona vilevile, na ndiye anayemjeruhi Arthur hadi kufa. Wachawi wa kawaida, ambao jibu lile liliwahusu kuliko yeyote, wanabaki mafichoni.

Kwa uchawi, basi, Merlin aachiwe huru. Kwa sumu ile na kwa jibu lile, ana kesi ya kujibu.