Acheni Kusema Porsche Ilishinda

Mashabiki wa Porsche wana namba yao wanayoipenda: 19. Ndiyo idadi ya mara ambazo magari ya kampuni hiyo yametwaa ushindi wa jumla katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Sina ugomvi na namba. Ugomvi wangu ni jinsi jina "Porsche" linavyomeza watu. Mara nne kati ya hizo gari liliandaliwa na Joest Racing, timu binafsi iliyoanzishwa mwaka 1978 na dereva Reinhold Joest, yenye karakana yake katika vilima vya Odenwald, mbali na kiwanda cha Stuttgart. Mara nyingine moja, 1979, ilikuwa kazi ya ndugu wawili wa Köln, Erwin na Manfred Kremer.

Najua nitakachojibiwa: mwaka 1984 kiwanda kiligoma kwenda Le Mans, basi Joest akaokota. Sawa, tuuache 1984. Mwaka 1985 kiwanda kilirudi na 962C zake mpya. Joest akaja na 956 iliyoshinda mwaka uliotangulia. Sisemi ya aina ileile. Nasema gari lilelile, chasisi namba 117. Kanuni za wakati ule zilimpimia kila mmoja petroli, kwa hiyo aliyekanyaga mafuta bila hesabu alijua atakaukiwa. Gari la Joest na la timu binafsi ya Mwingereza Richard Lloyd yakawa yanapokezana kukaa nyuma ya mwenzake, mahali ambapo upepo umeshakatwa na injini inakunywa kidogo. Mwisho wa mbio, Joest wa kwanza, Lloyd wa pili, kiwanda cha tatu. Mmoja wa madereva watatu walioshinda alikuwa mfanyabiashara aliyeshindana kwa jina la bandia, "John Winter", ili familia yake isijue. Huyo nampenda kuliko wote.

"Lakini gari walilitengeneza Porsche!" Hata hilo lina kona. Gari lililoshinda 1996, WSC-95, lilijengwa na TWR ya Uingereza juu ya chasisi ya Jaguar XJR-14, likatiwa injini ya Porsche. Kanuni za Marekani zilipobadilishwa mapema 1995, Porsche wakajitoa na gari likawekwa kando. Joest akalichukua, akalipeleka Le Mans, akalishinda gari jipya la kiwanda, 911 GT1, kwa mzunguko mmoja. Mwaka 1997 akarudi na chasisi hiyohiyo. Magari ya kiwanda yakaongoza, moja likapata ajali, jingine likawaka moto zikiwa zimesalia saa chache. Mtasema bahati. Mbio za saa 24 ni mtihani wa kudumu, na lisilofika halijashinda.

Porsche walio 956 waliwauzia wengi. Wanunuzi wote walipata chuma kilekile. Hawakupata mafundi wa Joest, watu wanaobadilisha breki usiku wa manane bila kufokeana.

Audi walilielewa hilo mapema. Walikuwa na fedha, wahandisi na injini, lakini walipoingia Le Mans mwaka 1999 walimwendea Joest. Mwaka 2000, 2001 na 2002 timu yake ikawashindia mfululizo. Kwenye orodha ya washindi wanayoibeba mashabiki, miaka hiyo mitatu imeandikwa Audi.