Michezo ya Mufwankolo iko na nani? Funzo la siku za korona

Tarehe 24 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura inchini kote. Masomo yalikuwa yamekwisha kufungwa, makanisa na baa pia, na safari kati ya Kinshasa na majimbo zikakatazwa. Huku Kamina ugonjwa wenyewe ulionekana bado uko mbali, lakini maisha yalibadilika. Watoto walibaki lupango mchana kutwa, matanga yakakatazwa, jioni ikawa ndefu. Penye pano ya jua na tele moja, majirani walikuja kusimama dirishani, kashe-ne imeshuka chini ya kidevu. Swali lilikuwa moja: "Leo tutaangaria nini?"

Habari za korona zilichosha watu haraka. Filme za Nigeria zilizokuwa ndani ya flashi zilikwisha kuangaliwa mara tatu. Hapo ndipo mzee fulani, na karibu kila lupango ina mzee wa namna ile, alitoa jibu lake: "Mutafute ile ya Mufwankolo. Ile njo ilikuwa tele." Batoto wakaangaliana. Mufwankolo ni nani? Na swali lile likazaa lingine lenye uzito zaidi: ile michezo, leo iko na nani?

Korona ilipita, hali ya dharura ikaondolewa mwezi wa Julai 2020, masomo yakafunguliwa. Swali la mzee halijajibiwa mpaka leo.

Kicheko cha Kiswahili cha kwetu

Kwa wale wasiomjua: Mufwankolo ni jina la mchezo la Odilon Kyembe Kaswili wa Lubumbashi, na kundi lake lilijulikana kwa jina lile lile. Wakati wa Zaïre, kwa miaka mingi, kundi hilo lilicheza michezo yake katika redio na televisheni ya Lubumbashi. Huku Kamina, mji wa treni ambako njia ya Lubumbashi inakutana na ya Ilebo na ya Kalemie, wengi walimjua kwa njia ya redio, ao kwa ndugu waliokuwa wakifanya kazi Lubumbashi na kurudi na masolo ya michezo yake.

Kundi halikucheza kwa Kifaransa, wala kwa Kiswahili cha vitabu. Lilitumia Kiswahili cha Katanga, kile cha soko, cha kituo cha treni, cha kambi za wafanyakazi. Na wachezaji hawakushika karatasi. Walikubaliana kwanza juu ya hadithi, nani atakuwa nani, mambo yataishia wapi. Maneno yenyewe yalizaliwa palepale, mbele ya watu. Mume anayekunywa mshahara, mke anayedai franka ya chakula, kijana aliyetoka kijijini jana, mkubwa asiyesikiliza mtu: kila mmoja alijiona, ao alimuona jirani yake.

Inafaa kukumbuka tele ilikuwa namna gani siku zile. Televisheni ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja tu kisha Mobutu kuchukua utawala, na ilibaki mikononi mwa serikali. Kila jioni habari zilifunguliwa na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Kisha uso ule, watu walingojea kitu kinachofanana na maisha yao. Mchezo wa kuchekesha ulikuwa moja ya nafasi chache ambamo mtu aliweza kusema juu ya njaa, rushwa na wakubwa, mradi akiseme kitu hicho kwa kicheko na juu ya kijiji kisicho na jina.

Ndiyo maana kupotea kwa michezo ile si hasara ya kicheko peke yake. Maandishi ya ofisi za wakati ule ni ya Kifaransa. Magazeti pia. Namna mke na mume walivyogombana juu ya bei ya unga, namna mkwe alivyosalimiwa, namna mtu alivyoomba deni bila kupata haya, hakuna karani aliyeyaandika. Tele ya zamani iliyabeba. Mkanda ukifutwa, na yenyewe yanafutwa.

Wahindi walifungua kabati

Mu siku zile zile za kufungiwa, inchi ingine ilionyesha jambo linaloweza kutokea pale ambapo mikanda imetunzwa. Uhindi ilifunga watu wote nyumbani tarehe 25 Machi 2020. Siku tatu kisha, tarehe 28, televisheni ya serikali, Doordarshan, ilianza kurudisha Ramayan, mchezo mrefu wa Ramanand Sagar uliopita mara ya kwanza kati ya 1987 na 1988. Picha zake zilikuwa za zamani, mapigano yake yakichekesha watoto wa leo. Lakini kufuatana na Doordarshan yenyewe, tarehe 16 Aprili watu milioni 77 waliuangalia kwa siku ile moja. Babu alieleza, mjukuu aliuliza.

Doordarshan ni tele ya serikali, sawa na RTNC ya kwetu. Wahindi hawakutengeneza kitu kipya mwezi ule. Hakuna mtu aliyeweza kwenda kupiga filme. Walifungua kabati, na kitu kilikuwa ndani. Kazi ya kweli ilikuwa imefanyika miaka mingi mbele, na mtu aliyeandika jina juu ya boksi na kuliweka mahali pakavu.

Kilichobaki kwa mchezo mmoja

Kwa upande wa Mufwankolo, mtafutaji wa leo anaanzia kwenye telefone. YouTube ina vipande. Vimepandishwa na watu binafsi waliopenda, na tunashukuru tu kwamba walifanya vile. Lakini kipande cha dakika chache hakisemi kilichezwa mwaka gani, nani yumo, mwanzo ulikuwa nini na mwisho uliishia wapi. Tena mega ni franka, na huku Kamina watu wengi hawawezi kulipa mega kwa ajili ya kutafuta-tafuta bila kujua watapata nini.

Mahali ambapo mchezo mmoja umehifadhiwa vizuri kuliko yote, ni ndani ya kitabu cha Kiingereza. Mwaka 1986, Johannes Fabian, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam aliyekuwa akijua Katanga tangu miaka ya 1960, aliuliza kundi la Mufwankolo maana ya msemo aliousikia kwa Kifaransa: "Le pouvoir se mange entier", ndiyo kusema utawala unakuliwa muzima, haugawanywe. Wachezaji hawakumpa maelezo. Walimpa mchezo. Walijadiliana, wakajaribu, wakapanga hadithi ya chifu na kijiji chake, na mwishowe ukachezwa mbele ya kamera za televisheni. Fabian alirekodi kila hatua, akaandika maneno yote ya Kiswahili na tafsiri yake pembeni. Kitabu kilitoka mwaka 1990 kwa jina Power and Performance.

Kisha, yeye na Vincent de Rooij waliweka kwenye intaneti mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili cha Katanga, Archives of Popular Swahili, ambao mtu anasoma bila kulipa. Humo kuna hata historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya maboyi waliotumikia wazungu.

Ni kazi nzuri, na wengi wanapaswa kuijua. Lakini iangaliwe pia kwa upande mwingine. Mjukuu wa Kamina anayetaka kujua babu yake alichekea nini anapaswa kupitia Amsterdam, kwa kitabu cha Kiingereza, na akifika anakuta maneno kwenye karatasi. Sauti, macho, ule mwendo wa mlevi, havikuandikwa. Na ule ni mchezo mmoja, kati ya mingi iliyopita wiki kwa wiki.

Sababu mkanda unakufa

Watu wengine wanafikiri mikanda ilipotea juu ya uzembe wa Kiafrika. Historia haisemi vile. Mkanda wa video zamani ulikuwa ghali, na faida yake ilikuwa kwamba unaweza kutumiwa tena: unafuta cha jana, unaweka cha leo. BBC ya Uingereza ilifanya hivyo hivyo. Ilifuta sehemu nyingi za Doctor Who, mchezo wake wa miaka ya 1960 unaopendwa mpaka leo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zimepatikana, na zilipatikana Nigeria, mji wa Jos, katika kituo cha televisheni. London ilipoteza, Jos ilitunza.

Kwetu kulikuwa na matatizo ya ziada. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 ulimaliza maduka, nyumba na ofisi. Umeme unakatika, joto na unyevu vinaingia, ukungu unaota juu ya mkanda. Hata mkanda ukiwa muzima, mashini ya kuusoma haitengenezwi tena kiwandani. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na shirika la watunza sauti na picha, IASA, walitoa onyo: mikanda isiyogeuzwa kuwa faili za ordinatere kufikia karibu mwaka 2025 inaweza kupotea milele. Mwaka ule umefika.

Tena kuna sababu nyingine. Tangu tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, tele za binafsi zilianza kuzaliwa, nyingi zikishikwa na makanisa. Katrien Pype, mtafiti Mbelgiji, alieleza katika kitabu cha 2012 namna michezo ya tele ya Kinshasa iligeuka kuwa vita ya mchungaji na mchawi. Watu waliipenda, na hakuna ubaya kuipenda. Lakini ni ya Kilingala, mambo yake ni ya Kinshasa. Mtoto wa Kamina amekua akijua michezo ya Kinshasa na ya Lagos, na ile ya Kiswahili cha mama yake ameisikia kwa masolo tu.

Kamina inajua faida ya kurekodi

Mtu akisema mji mdogo hauwezi kutunza sauti zake, Kamina ina jibu. Katika miaka ya 1950, Padri Guido Haazen, Mfransiskani Mbelgiji, alikusanya hapa hapa watoto wa masomo na walimu wao katika kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Pamoja walitengeneza Missa Luba, misa ya Kilatini kwa nyimbo na ngoma za kikwetu, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958. Mwaka ule ule kwaya ilitembea Ulaya, ikarekodiwa, Philips ikatoa sahani. Miaka kumi kisha, Sanctus yake iliingia katika filme ya Kiingereza If.... ya Lindsay Anderson.

Watoto wale, wenye wangali hai, leo ni wazee sana. Sauti zao bado zina miaka kumi, juu kuna mtu aliyeweka mashini mbele yao. Mufwankolo alichekesha Katanga nzima kwa miaka mingi kuliko ile kwaya ilivyodumu, lakini mtoto wa leo anapata Missa Luba kwa dakika moja, na mchezo mzima wa Mufwankolo anautafuta wiki nzima. Utamu wa kitu hauelezi tofauti hii. Inaelezwa na sahani.

Nani afanye nini

Wapo wanaosema: hospitali haina dawa, barabara zimekufa, nani atatoa franka kwa tele ya zamani? Ni neno la haki. Lakini hatua za kwanza haziombi bajeti kubwa. Kaseti za VHS na za redio zingali ndani ya masanduku ya familia. Asiye na mashini anaweza kwanza kuandika juu ya kila moja: ni mchezo gani, nani anasema, ilipatikana wapi. Redio ya mtaa inaweza kumuita mzee anayekumbuka mchezo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, akausimulia, na mazungumuzo yale yakatunzwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilikwisha kuonyesha njia: tangu mwaka 2000, mradi Mémoires de Lubumbashi umekusanya masimulizi ya wafanyakazi na familia zao, na watu wa kawaida ndio waliosema.

Kuna jambo moja la kuangalia vizuri. Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi. Wachezaji wengi wa kwanza wamekwisha kuondoka, na watoto wao wanaona sura za wazazi zikizunguka kwenye telefone bila hata kutajwa jina. Mwenye kurudisha mchezo hewani aulize kwanza familia, ataje majina, na kama kuna franka inayoingia, igawanywe. Utawala labda unakuliwa muzima. Kazi ya wachezaji haifai kukuliwa vile.

Tena si kila kitu cha zamani kitachekesha leo. Michezo mingine ilimcheka mwanamke aliyepigwa, ao mgeni wa kabila lingine, na Katanga inajua machungu yaliyotoka mu vicheko vya namna ile. Inafaa kuionyesha na kuizungumuzia, kwani mtoto akiiona pamoja na nyanya yake, atauliza, na nyanya atapaswa kujibu.

Siku ingine watu watafungiwa tena nyumbani, kwa ugonjwa, kwa mvua ao kwa vita. Jioni itakuwa ndefu, na mtu atauliza: "Leo tutaangaria nini?" Jibu linategemea masanduku yaliyo chini ya vitanda vya Kamina sasa hivi. Mwenye kuwa na kaseti, hata kama mashini ya kuisoma imekufa, asiitupe. Aifute vumbi, aiweke pakavu, na aandike juu yake jina.