Kashata za Saa Nne

Mtoto wa shule wa mjini huondoka nyumbani kungali giza. Akiwa anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, na shule yake iko mbali, atakuwa amekwisha kusimama kituoni kabla ya saa kumi na mbili, na tumboni mwake mna kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate alichokila huku akifunga kamba za viatu. Kengele ya mapumziko hulia saa nne. Hapo ndipo swali linapozuka: ale nini?

Wazazi wengi hulijibu swali hilo kwa sarafu. Wala si jibu baya. Akina mama wanaokaa nje ya lango la shule na mabeseni yao ya mihogo ya kukaanga, kachori na maandazi wanawalisha watoto wetu, nasi hatuna haki ya kuwadharau. Lakini sarafu haijui imetumwa kununua nini. Yaweza kununua muhogo, na yaweza vilevile kununua barafu ya rangi na pipi mbili. Na mtoto wa miaka minane, akipewa uhuru wa kuchagua, sote twajua atachagua nini. Ifikapo saa tano na nusu, mwalimu akiwa katikati ya hesabu za mafungu, mtoto huyo amelaza kichwa juu ya dawati, na nyumbani tunaambiwa kuwa ni mvivu.

Juma hili, basi, ukurasa wetu unashughulika na kashata. Katika maduka makubwa ya mjini huuzwa vipande vya nafaka na karanga vilivyofungwa katika karatasi za kung'aa, vingi vyavyo vimetoka ng'ambo, na bei yake humfanya mzazi avirudishe rafuni polepole. Ukiisoma karatasi yake utakuta karanga, nafaka, na sukari iliyoyeyushwa ili vishikamane. Bibi zetu wa pwani wamekuwa wakikitengeneza chakula cha namna hiyo miaka nenda miaka rudi, na jina lake walikuwa nalo.

Tuanze na karanga zenyewe, kwa kuwa humo ndimo mlimo faida yote na hatari yote. Karanga ni ndugu wa kunde na maharage. Katika gramu 100 za karanga mna protini kiasi cha gramu 25, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. (Mafuta hayo ndiyo yaliyowafanya Waingereza, mwaka 1947, walete matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kulima karanga kwa ajili ya majiko ya kwao. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na mkulima mdogo wa Dodoma akaendelea kuzilima karanga zake kwa jembe.) Chakula chenye mafuta na protini hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai na mkate mweupe, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Hatari yake ni hii. Karanga zilizonyeshewa wakati wa kuvunwa, au zilizotiwa guniani kabla hazijakauka sawasawa, huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu ambayo wataalamu wetu wameipa jina la sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kutafutwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sisi wa Afrika Mashariki tumeijua kwa uchungu zaidi, kwa njia ya mahindi: mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, na mwaka 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo ni maafa ya ghafula, nayo hutangazwa. Yasiyotangazwa ni ya polepole. Mtu anayeila sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiongezea hatari ya kupata saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Wengi hudhani kuwa moto utaimaliza. Hauimalizi. Kukaanga na kuchemsha huiua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutoka hubaki kwa sehemu kubwa. Kinga ya jikoni ni moja tu, nayo ni macho na vidole vya mpishi. Sumukuvu haienei sawasawa katika karanga zote. Aghalabu hukusanyika katika punje chache mbovu, na punje hizo mara nyingi hujitambulisha: zimesinyaa, zimebadilika rangi zikawa za kijivu au nyeusi, zina ukungu, au zimetobolewa na wadudu. Zimwage katika ungo, upete, kisha ukae mahali penye mwanga uzichambue moja moja. Uzichambue tena baada ya kuzikaanga na kuzimenya, maana ganda jekundu huficha mengi. Kuchambua hakuondoi kila kitu, lakini huondoa sehemu kubwa.

Hapa nina neno kwa mnunuzi. Sokoni mara nyingi utakuta mafungu mawili. Moja ni la punje nzima, nono, zenye rangi moja. Jingine ni la punje zilizovunjika na kusinyaa, na bei yake hupendeza. Kwa kuwa karanga za kashata zitapondwa, mtu hujiambia kuwa hakuna haja ya kununua nzima. Fungu hilo la pili liache lilipo, hata kama mwisho wa mwezi bado uko mbali. Ni afadhali kashata zipungue kuliko kumpa mtoto mabaki ya ghala. Vivyo hivyo karanga zilizokwisha kusagwa na asiyejulikana: ukishaona unga, huwezi tena kujua ulikuwa punje za namna gani. Na zile mbovu ulizozitoa usiwatupie kuku. Kumbuka kuwa waliotufunulia sumu hii walikuwa ndege.

Sasa twende jikoni. Kwa kashata 24 chukua vikombe 3 vya karanga zilizochambuliwa, yaani karibu nusu kilo. Kikombe kimoja na nusu cha sukari. Robo kikombe cha maji. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Chumvi ya kubanwa kwa vidole viwili. Na punje nne za iliki zilizotwangwa. Kaanga karanga katika karai kavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kupumzika, kwa dakika 15 hivi, mpaka maganda yapasuke na harufu ijaze nyumba. Zikipoa kidogo, zifikiche kwa viganja, upete maganda, uchambue kama nilivyosema, kisha uziponde kwa mchi kiasi cha kila punje kugawanyika mara tatu au nne. Zisiwe unga. Ziweke karibu na jiko zisipoe kabisa, kwa kuwa karanga baridi huigandisha sukari kabla hujamaliza kuchanganya.

Paka mafuta sinia, kisu, na mti wa kusukumia chapati. Fanya hivyo mapema, maana baadaye hutakuwa na nafasi. Tia sukari, maji na ndimu katika sufuria nzito, ukoroge mpaka sukari iyeyuke, halafu uache kabisa kukoroga. Kazi ya ndimu ni kuizuia sukari isirudi kuwa chengachenga, na kukoroga huiharibu kazi hiyo. Itachemka kwa mapovu makubwa, mapovu yatapungua na kuwa mazito, kisha rangi itaanza kugeuka. Itakapofanana na chai ya rangi isiyokolea sana, dondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Tone likiganda na kuvunjika kama kioo, epua. Likiwa laini, subiri kidogo, lakini usiende popote: kati ya rangi ya chai na rangi ya mkaa ni nusu dakika. Tia karanga zote kwa mkupuo mmoja pamoja na chumvi na iliki, changanya upesi kwa mwiko, mimina katika sinia, kandamiza mpaka unene wa kidole, na ukate vipande virefu vyembamba kungali na joto. Ukichelewa, hutakata tena, utavunja. Sufuria iliyogandamana usiikwangue. Jaza maji, rudisha jikoni, itajisafisha.

Sukari inapofikia rangi hiyo joto lake limepita nyuzi 160, na maji yachemkayo ni nyuzi 100 tu. Tena sukari huganda mwilini, haitiririki kama maji. Kwa hiyo jiko la mkaa lililowekwa chini, uani, mahali watoto wanapokimbizana, si mahali pa kazi hii mpaka watoto wamepewa kazi nyingine mbali. Ikitokea mtu ameungua, mwagie papo hapo maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Na kama jeraha ni kubwa, au liko usoni au mkononi, apelekwe hospitali.

Ufuta hufuata njia ileile, isipokuwa huja na mchanga wake. Utie katika beseni la maji, koroga kwa mkono, uuache utulie, kisha uuteke kwa juu. Mchanga utabaki chini. Uanike juani mpaka ukauke, ndipo uukaange, na uwe na mfuniko karibu kwa kuwa hurukaruka. Wa Lindi na Mtwara hawahitaji kufundishwa hili. Mimi hupenda kuchanganya, sehemu mbili za karanga kwa moja ya ufuta, maana kashata za ufuta mtupu hunasa sana menoni.

Kashata za nazi ni tamu kuliko zote, na watoto watakwambia hivyo. Lakini nazi ina maji, na katika joto la Dar es Salaam huchacha upesi. Ipikwe jioni, iliwe kesho yake, ikizidi keshokutwa. Si ya kuweka akiba.

Ziko pia zisizotaka moto wa sukari. Toa kokwa katika robo kilo ya tende laini, zitwange katika kinu pamoja na vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa, kandamiza katika sinia lililonyunyizwa ufuta, ukate. Hizi zaweza kutengenezwa na watoto wenyewe, wakiwa wamenawa mikono. Asali nayo watu huitumia badala ya sukari, lakini kashata zake hulainika na kunata kwa joto la pwani, na asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Najua msomaji ameanza kuuliza habari za sukari. Ni swali la haki. Katika kipimo nilichotoa, kila kashata ina sukari gramu 12 au 13, yaani vijiko vitatu vya chai, pamoja na protini karibu gramu 5 na kalori zipatazo 150. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, hiyo ni gramu 40. Kashata moja inaingia vizuri humo. Kashata tatu na soda haziingii. Kwa sababu hiyo mtoto apewe moja, pamoja na ndizi au chungwa na chupa ya maji yaliyochemshwa, na ayasukutue maji hayo baada ya kula ili yaondoe sukari iliyobaki menoni. Kashata si badala ya chakula cha mchana.

Walio chini ya miaka mitano wasipewe kabisa vipande vya karanga, kwa kuwa huweza kuwapalia na kuziba njia ya hewa. Wao wapewe karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Na wako watoto, si wengi, ambao miili yao huzikataa karanga: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, pumzi hukata. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Mwambie mwanao asimlazimishe mwenzake kuonja, na umfundishe yeye mwenyewe kuitema punje iliyo chungu bila kuona haya.

Katika kufunga, tumia kikopo chenye mfuniko au karatasi nyeupe safi. Usifungie gazeti, hata hili ulilolishika. Wino wa mitambo haukutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Nyumbani kashata ziwekwe katika kopo kavu lisiloingiza hewa, zipangwe kwa tabaka na karatasi katikati, nazo zitakaa wiki mbili bila kupoteza ukavu wake, isipokuwa miezi ya masika ambapo huanza kunata mapema. Kwa nyumba yenye wanafunzi wawili, sinia moja lililopikwa Jumamosi jioni linatosha siku 12 za masomo, mradi baba asijue kopo liko wapi.